Anayeanzia Mwisho
Sehemu ya tisa

Wewe msomaji umekaa na neno la Wilfred siku saba. Umekwenda nalo sokoni ukarudi nalo, umelitafuna mpaka likaisha utamu. Yusra hakupewa hata nafasi ya kumeza mate.

"Nasema hivi," sauti ya Wilfred ikaendelea simuni, haina habari kwamba imevunja kitu. "Yule mtu mwenye sura ya Faridi katokea langoni kwenye namba kumi na saba. Namba kumi na nane hayupo. Kaenda wapi? Msanii kamsahau. Ndiyo maana toleo hili nalipa alama sita kwa kumi, na hapo nimekuwa mpole."

"Sura ya nani?" Yusra akauliza.

Hakuuliza kwa mshtuko. Mshtuko alikuwa hana. Tangu boti ilipozama na Faridi, mumewe, moyo wake ulikufa ganzi, na kila habari ilimfikia kama habari ya mji mwingine. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa.

Huko upande wa pili wenzake wamekaaje, Yusra alijua bila kuwaona. Walikuwa watatu ndani ya steshenari ya Leodgar, Kigoma mjini, wameizunguka simu iliyosimamishwa ndani ya kikombe cha bati ili sauti ipae. Kila Jumamosi alasiri Baraza la Kilindi hukutana hivyo kuijadili katuni yao. Na kwa Jumamosi kumi na saba sasa Yusra alihudhuria kwa simu kutoka Ujiji, maana mjane yuko eda, na kizingiti havuki.

"Sura ya Faridi," Wilfred akarudia, safari hii polepole. "Ukurasa wa mwisho. Yusra, si uliuona?"

"Wilfred!" Happiness akamkemea. "Kanuni!"

"Kanuni ipi? Mwenyewe alisema amezama! Wiki tatu zimepita!"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, msomaji, na lilikuwa kosa la Yusra mwenyewe.

Baraza lile lina sheria moja tu. Ukurasa wa mwisho haufichuliwi. *Kilindi* ni katuni ya kutisha, inahusu mji wa waliozama chini ya ziwa, na inachapwa nakala chache, nyeusi na nyeupe, zinazopita mkono kwa mkono. Kila amalizaye kusoma huandika kwenye kundi neno moja: *Nimezama*. Mpaka wa mwisho azame, hakuna kusema kilichotokea mwishoni. Ukisema, unafungiwa matoleo mawili. Wilfred, ambaye bandarini ni karani, mtu mzima na heshima zake, alishafungiwa mara moja akanuna kama mtoto.

Namba kumi na saba ilipofika Ujiji, Yusra aliisukuma chini ya godoro bila kuifungua. Wenzake wakauliza leo, wakauliza kesho. Siku ya tano akaandika *Nimezama* ili waache kuuliza.

Uongo mdogo tu. Nao ulilaza chini ya mgongo wake, wiki nne, kitu ambacho mtu mwingine angekiona angekimbia barabarani akipiga kelele.

"Kwa hiyo mlimwona," alisema Yusra. "Nyote. Mkanyamaza."

"Ulisema umezama, dada," Happiness akajibu, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kulia. Happiness ni fundi cherehani, mwoga kuliko wote barazani. Kurasa za kutisha huzifunika kwa kipande cha kitenge akasoma maneno tu. "Tukajua umemwona. Tukasema, kama yeye mwenyewe hataki kumtaja marehemu, sisi ni nani?"

"Mimi niliona ni heshima kwa marehemu," Wilfred akaongeza. "Nikaupa ule ukurasa alama tisa."

"Alama tisa," Yusra akasema.

"Kumi sikutoa kwa sababu ya wino. Weusi umekula mkono wa kushoto."

"Wino si kosa langu," sauti nzito ya Leodgar ikaingia, maana yeye ndiye anayechapa. "Mashine ilikuwa na joto."

Walikuwa tayari kubishana juu ya wino, wallahi. Yusra aliiweka simu juu ya mto, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya godoro.

Kitabu kilitoka kimepinda. Jalada lake lilikuwa lilelile la siku zote: Bibi Kilindi, malkia wa waliozama, anayekula majina ya watu mpaka wakasahau wao ni nani wakageuka samaki wasio na macho. Yusra ndiye aliyemtia makali bibi yule. Kwenye namba nne aliandika: *Huyu mzuka hatishi, amevaa vizuri mno.* Toleo lililofuata Bibi Kilindi alitokea na nguo zilizochanika na meno ya dagaa. Msanii, ambaye jina lake hakuna aliyelijua isipokuwa Leodgar, alikuwa anasoma maoni yao.

Huyo ndiye aliyekuwa Yusra kabla ya eda. Siku hizi wakimwuliza toleo likoje husema, "Zuri tu."

Na alikuwa na tabia moja aliyolificha baraza zima. Mkali yule wa kanuni, mtetezi wa ukurasa wa mwisho, yeye mwenyewe kila kitabu alianzia mwisho. Hakuweza kuvumilia. Alifungua nyuma kwanza, akajua nani anakufa, kisha akarudi mbele kusoma kwa raha zake. Aliyejua siri hiyo alikuwa mmoja tu. Alimkamata siku ya tatu ya ndoa, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa akimwita Bibi Mwisho.

Akafungua nyuma.

Lango la mji wa chini. Mbele ya lango mwanamume amechuchumaa juu ya injini ya boti, spana mkono wa kulia, kichwa amekiinua kumtazama msomaji. Ndevu zilikuwa za wiki nyingi. Faridi siku aliyoondoka alikuwa amenyolewa, tena na Yusra, kibarazani, kwa wembe mpya. Lakini kope zile zilikuwa zake, na sikio lile lililokatwa ncha na kamba ya kuwashia injini lilikuwa lake.

Juu ya kichwa chake maneno:

*Mwambieni anayeanzia mwisho. Nipo juu ya maji. Nangoja mpaka mbalamwezi ya pili.*

Yusra alisoma mara moja. Akasoma tena. Aliungoja moyo uruke, nao haukuruka. Aliuangalia mkono wake kuona kama unatetemeka, akauona umetulia kama mkono wa mtu anayechambua mchele.

"Yale maneno," akasema, ameirudisha simu sikioni, "nyinyi mliyaelewaje?"

"Aa, hapo sasa!" Wilfred akachangamka; masikini, alidhani mjadala umerudi njiani. "Mimi nilitoa nadharia. Anayeanzia mwisho ni Bibi Kilindi, kwa sababu yeye alikufa kabla hajazaliwa, rejea namba mbili. Happiness anasema ni yule binti anayemtafuta baba yake."

"Ni binti," alisema Happiness. "Bibi Kilindi siku hizi anaongea mno. Mzuka akiongea sana anakuwa mwenyekiti wa mtaa."

"Na ndani ya jalada?" Yusra akauliza. "Pameandikwa nini ndani ya jalada? Kila toleo?"

Walijua. Kila shabiki wa *Kilindi* anajua, maana ndiyo raha yenyewe, kutafuta sura unayoifahamu katika umati wa wafu: muuza mihogo, kondakta, mwalimu wa zamu. Leodgar ndiye aliyeitamka, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mahakama.

"'Sura zote humu ni za watu walio hai, nami nimewaona kwa macho mwezi huu. Marehemu simchori.'"

"Tulidhani kavunja kanuni yake kwa ajili yako," Happiness alinong'ona.

Ndivyo walivyo mashabiki, msomaji. Kila mstari wanaupima kwa mizani, ila ule mmoja uliosema kweli tupu wakaupita.

"Kaka Leodgar," akasema Yusra. "Nipe namba ya msanii."

"Yusra, nilimwahidi..."

"Mbalamwezi ya pili ni kesho."

Hakuhitaji kalenda. Tangu juzi akina mama wa dagaa hawakupita dirishani na mabeseni yao. Mwezi ukikomaa dagaa hawafuati taa, boti huvutwa mchangani, wavuvi wakalala. Ujiji nzima ilinuka samaki kidogo kuliko kawaida.

Leodgar alivuta pumzi. Kisha akataja tarakimu, moja moja, naye Yusra akaziandika kwa kalamu ya wanja juu ya jalada, kwenye paji la uso la Bibi Kilindi.

* * *

Msanii alikuwa mwanamke. Tena mwalimu, kijijini Mwamgongo, kule kaskazini kunakofikiwa kwa boti. Jina lake Eufrasia, na sauti yake ilikuja na upepo mwingi.

"Ego, ndiyo, nakusikia," alisema. "Niko juu ya jiwe, huku mtandao ni wa kuupanda. Nani mwenzangu?"

"Msomaji."

"Wasomaji hawana namba yangu."

"Yule mtu wa injini. Namba kumi na saba. Ulimwona wapi?"

Eufrasia akasema kwa tahadhari, "Nikuulize mimi kwanza. Ukishika kitabu, unaanza kusoma wapi?"

Yusra alitazama ukuta. Palikuwa na msumari ambapo zamani ilitundikwa ovaroli ya kazi.

"Mwisho," akasema.

"Ewe Mungu," alisema Eufrasia. "Kumbe upo. Mama, mimi nilidhani ni fumbo la mtu mwenye kichaa. Huyo bwana ni fundi, yuko hapa kijijini, anatengeneza injini za wavuvi. Jina hasemi. Alinikuta nachora ufukweni akaniambia kitabu hiki anakijua, kuna mtu nyumbani kwake anakisoma. Akaniomba nimweke ukurasa wa mwisho, na maneno hayo hayo, nisizidishe nisipunguze. Akasema, akija mtu kuniuliza, nimpe mtihani huo niliokupa."

"Alikwambia alifikaje huko?"

"Wavuvi walimwokota majini upande wa Ilagala. Zaidi ya hapo hasemi. Usiku, wanasema, hupiga kelele."

"Alikuwa na mwenzake?"

"Nani?"

"Waliookotwa. Alikuwa na mwenzake?"

"Peke yake, mama. Hilo nilimwuliza mwenyewe. Aliniambia, 'Nimetoka peke yangu,' akainuka akaenda kunawa mikono mara tatu." Eufrasia akashusha sauti. "Kama unamtaka, fanya haraka. Kesho jioni anavuka na watu wa Kongo. Amesema akivuka ndiyo basi."

"Ana simu?"

"Ya kuazima. Andika."

Yusra akaandika namba ya pili, chini ya ile ya kwanza. Akashukuru, akakata. Nje jua lilikuwa la saa tisa na nusu. Boti ya Mwamgongo ilikuwa bado imefungwa ufukweni Kibirizi, ikipakia watu na magodoro, na ingeng'oa nanga saa kumi na moja.

Sasa hebu tukae kidogo hapa, kabla hajabonyeza kitu.

Mume alikuwa hai. Mwanamke yeyote wa hadithi angeanguka, angelia, angecheka. Yusra alikaa kitandani, akajiuliza kama ameacha maji jikoni. Aliona tu, kwa mbali, jambo moja: kama Faridi yu hai, basi siku mia na ishirini na moja alizokaa ndani bila manukato, bila hina, bila wanja, zilikuwa si eda. Zilikuwa ni kukaa tu.

Akaanza kubonyeza namba. Sifuri, saba...

Alipofika tarakimu ya mwisho, simu ikafanya kile ambacho simu hufanya inapoitambua namba. Ikaandika jina.

MGANGA WA MIGUU.

Yusra akalitazama jina lile.

Simu ni ya mama mkwe, Bi Mwanamvua. Ya Yusra ilikwenda na Faridi siku ile kutengenezwa, ikazama. Na Bi Mwanamvua, mtaa mzima unajua, ana miguu. Inamwaka, inamvimba, haimpi usingizi. Kila Ijumaa baada ya swala yuko mganga wake anayempigia, naye hutoka na simu hadi uani, nyuma ya choo, kwa sababu anasema chumbani mtandao haushiki. Chumba hichohicho ambamo Jumamosi kumi na saba Yusra hajakosa neno hata moja la Wilfred.

Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wazee. Huyu bibi yeye alificha uzima.

Yusra akafungua orodha ya simu zilizoingia. Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa.

"Umemaliza na watoto wenzio?" Bi Mwanamvua alikuwa mlangoni, kanga mbili, kopo la dawa ya kuchua mkononi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuamrisha na miguu, leo Yusra aliiona kwa mara ya kwanza, mizima kabisa.

"Mama," Yusra akasema, "shikamoo."

"Marahaba. Mbona salamu ya pili leo?"

Yusra akamgeuzia simu.

Bi Mwanamvua alisoma. Hakuuliza ni nini, hakuapa, hakujifanya. Aliweka kopo juu ya meza, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha Faridi.

"Tangu wiki ya pili," akasema. "Mlikuwa mmeshasoma hitma."

"Ulinitia eda ukijua."

"Nilikuacha ndani ya eda nikijua. Waliokutia ni wazee."

"Kwa nini?"

"Toa sauti chini." Akaelekeza kidevu dirishani, upande wa barabara. "Kwa sababu ya yule."

Yusra hakuhitaji kuchungulia. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi lake, alikuwa amekaa Mzee Dadi. Hukaa pale toka adhuhuri mpaka magharibi, uso umeelekea njia ya ziwani. Watu tisa walipanda boti ile. Saba walizikwa. Wawili ziwa halikuwarudisha: Faridi, fundi, ambaye usiku wa kuamkia safari ndiye aliyeitengeneza injini na kuapa kwamba ni nzima, na Sudi, mtoto pekee wa Mzee Dadi, aliyeogopa kupanda mpaka Faridi alipomshika mkono akampandisha.

"Ulimsikia msibani," alisema Bi Mwanamvua. "Mbele ya watu wote. 'Fundi yule ana bahati amekufa. Angekuwa hai ningemfuata hata ng'ambo.' Na huyo ni mzazi wa mmoja. Kuna wengine saba. Mtoto wangu yuko hai kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe umekaa eda. Mjane akikaa eda, nani atamtafuta mume? Hakuna kaburi, Yusra. Eda yako ndiyo kaburi lake. Kila aliyepita dirishani akakuona na nguo hizo, alijua Faridi amekufa, akaenda zake."

Yusra alisikiliza. Yalikuwa maneno yenye akili. Hilo ndilo lililokuwa baya, msomaji: yalikuwa na akili tupu.

"Na yeye alikubali?"

Kwa mara ya kwanza Bi Mwanamvua alitazama pembeni. "Alitaka nikwambie. Kila Ijumaa ananiuliza, 'Umemwambia?' Nikamjibu utapiga kelele, mtaa utajua. Akalia. Baadaye akaacha kuuliza. Nilidhani amenielewa."

Kumbe alikuwa amempata mwalimu mwenye kalamu.

Wiki nne Faridi alikaa Mwamgongo akimngoja Bibi Mwisho wake, mwanamke asiyeweza kujizuia na ukurasa wa nyuma hata siku moja. Alimjua mkewe kwa kila kitu isipokuwa hiki: hakujua kwamba mtu anaweza kufa ganzi mpaka akapoteza hata tabia yake mbaya.

"Mama, boti inatoka saa kumi na moja."

"Haitoki na wewe." Bi Mwanamvua alinyoosha mkono, akaichukua simu, akaizima, akaifunga kwenye pindo la kanga kwa fundo mbili. "Kesho anavuka. Akishavuka yuko salama. Baada ya siku tisa tutakuogesha, tutakupaka hina, utakuwa huru uolewe na umtakaye. Nani amepoteza?"

Yusra akasimama.

"Ukivuka mlango huo," mama mkwe alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, karibu ya kuomba, "ni moja kati ya mawili. Watasema huna haya, au watasema Faridi hana kaburi kwa sababu hajafa. Na wewe una haya, Yusra. Mtaa mzima unakujua. Watajua mara moja lipi ni lipi."

Ni kweli. Hakubisha. Akachukua namba kumi na saba, akaibana kwapani. Viatu vya kutokea alikuwa hakumbuki vilipo, akaenda pekupeku.

Bi Mwanamvua hakumshika. Labda miguu yake ilimwuma kweli siku hiyo.

* * *

Saruji ya kibarazani ilikuwa ya moto. Yusra aliisikia nyayoni, akashangaa kwamba anaisikia. Hatua ya pili, mchanga. Hatua ya tatu, yuko barabarani mchana kweupe, na nguo zake za eda. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akamtazama nguo, akaona aibu, akaongeza mwendo.

Ng'ambo, Mzee Dadi akainua kichwa.

Kila siku kwa miezi minne mzee huyu, akirudi msikitini, alisimama chini ya dirisha la Yusra akasema bila kuchungulia, "Mwanangu, tuko wote." Hakuwahi kumlaumu yeye. Mke hana kosa la injini, aliwaambia watu. Walifiwa na ziwa moja, siku moja, na wote wawili hawakupata cha kuzika.

Akasimama, akaiacha fimbo yake benchini. Akavuka barabara polepole. Yusra aliyakumbuka maneno ya msibani, akayangoja yaje, na hakuogopa, maana hata woga alikuwa hajarudishiwa bado.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alimkagua kuanzia utaji mpaka miguu mitupu. "Siku bado tisa. Nahesabu na mimi. Eda imeisha?"

Bi Mwanamvua alikuwa nyuma yake mlangoni. Yusra alimsikia akivuta pumzi na kuizuia. Uongo ulikuwa karibu na ulikuwa mwepesi. Naumwa, nakwenda hospitali. Eda inaruhusu hospitali. Angesema hivyo, mzee angemtafutia usafiri yeye mwenyewe.

Lakini alikuwa amechoka kuandika *Nimezama* juu ya kitu asichokisoma.

"Haikuwahi kuwepo, Mzee," akasema.

Mzee Dadi alilipokea neno lile. Yusra aliiona ikishuka usoni mwake, taratibu, maana yake yote: aliyeko eda ni mjane, asiye mjane mumewe yu hai, na mumewe alikuwa ndani ya boti ile. Aliingoja hasira. Aliangalia mikono ya mzee itaokota nini.

Haikuokota kitu. Na uso wa Mzee Dadi, uliokuwa umefungwa kama duka la marehemu kwa miezi minne, ukafunguka, ukawa uso wa mtu kijana, ukawa mzuri kiasi kwamba Yusra alitaka kukimbia.

"Alhamdulillahi," mzee alisema. "Faridi yu hai." Akacheka kidogo, machozi yanamtoka. "Walikuwa wawili hawakuonekana, mwanangu. Wawili. Kama wako yu hai, basi na Sudi wangu yu hai. Wako pamoja, sivyo? Sema tu. Wako pamoja?"

Na ganzi, iliyomlinda Yusra siku mia na ishirini na moja, ikachagua dakika hiyo kumwacha.